Mkwe Wangu Yumo Ndani ya Laptop

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, au aliyelipata likiwa limeshafungia karanga, ngoja nimkumbushe tulipofikia.

Mimi ni Shafii, Mmakonde wa Mtawanya. Nina kibanda Chikongola, mjini Mtwara, nachapa risala za harusi na mitihani ya shule. Mke wangu ni Rukia, Myao. Mama yake, Bi Mwanaisha, amefariki karibuni. Mkwe wangu alikuwa mwanamke mkali. Hakuna aliyewahi kumwona akicheza ngoma, isipokuwa siku ile wanawake walipokuwa wanamuaga Rukia kuja kwangu. Siku hiyo alicheza, na siku hiyo Magreth, mke wa mfanyakazi mmoja wa bandarini, alikuwa na kamera.

Picha ile ipo kwenye DVD. Ipo hiyo moja tu dunia nzima, maana Magreth alishahamia Tanga na mumewe, na kamera ikaibiwa safarini. Deki ya jirani iliikataa, kwa sababu Magreth aliitengeneza isomwe na kompyuta. Rukia akaniletea mimi mwenye kompyuta. Nikaisukumiza kwenye laptop kwa mbwembwe zote. Laptop ikaunguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Haikuisoma, na haikuitema.

Ndipo nikajua kwamba draivu yangu, ile droo ya pembeni inayomeza CD, inasoma CD peke yake. DVD haiijui.

Rukia akafunga khanga zake akaenda kwa baba yake Mikindani. Mlangoni aliniambia, "Arobaini ya mama ni Ijumaa ijayo. Ukimtoa humo mzima, nifuate. Ukishindwa, usinifuate."

Asanteni kwa ujumbe wenu wa simu. Na wewe msomaji wa Masasi uliyeniandikia "achana na laptop nunua redio", nimekusikia. Mtu analilia mke, wewe unamletea habari za redio!

Haya. Sasa sikilizeni yaliyonipata wiki hii.

Nilimpelekea laptop fundi Elisha. Elisha ni mtu wa Bukoba, anatengeneza simu, redio na kompyuta karibu na soko, na akiwa kazini anavaa koti jeupe la daktari. Nani alimpa, sijui.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?" akaniuliza.

"Elisha, mimi sina muda wa..."

"Jibu swali."

"Sijui. Niliinunua imeshatumika."

Akaigonga mgongoni, akaitegea sikio. Akachukua pini, akaiingiza kwenye kile kitundu kidogo cha kufungulia droo ikigoma. Pini ikazama yote, na droo ikabaki pale pale.

"Taya limeng'ang'ania," akasema. "Dawa ni moja. Navunja draivu, natoa DVD, halafu naweka draivu nyingine inayosoma CD, inayosoma DVD, na kuandika zote mbili. Ninayo. Nimeitoa kwenye laptop mfu, ndugu yake na hii, iliyovushwa mpakani Kilambo kutoka Msumbiji."

"Wewe vunja tu utoe. Hayo ya draivu nyingine tutaongea baadaye."

"Mimi ni fundi, siyo mbomoaji. Sivunji pasipo kuweka."

"Lakini hii mashine imezeeka, Elisha. Utaiweka leo, kesho mashine yenyewe ife. Kuna faida kweli?"

"Inaweza kufa, ndiyo."

"Sasa unanishauri nini?"

"Nakushauri uamue."

Nikaona huyu ananichezea. Nikamwambia mjini hapa hakukosekani ofisi yenye kompyuta ya kisasa. Atoe DVD, nitaenda kuomba wanionyeshee.

"Ina nini hiyo DVD?" akauliza.

"Ngoma."

"Ngoma gani?"

Nikababaika. Ngoma ile ni ya wanawake watupu. Hata paka akikatiza uani wanamchungulia kwanza kama ni dume.

"Ya wanawake. Mkwe wangu anacheza," nikasema.

Elisha akaweka bisibisi chini. "Yaani umpeleke mkwe wako akachezee ofisini kwa watu, karani anakunywa chai na kitumbua huku anamtazama?"

Alinipata, mjinga yule. Picha ile ilipaswa ionekane nyumbani, mlango umefungwa, wanawake peke yao, kwenye mashine yetu wenyewe. Kwa hiyo draivu ilihitajika kweli. Na mimi mwenyewe nisingeitazama hata kwa jicho moja. Kwetu sisi, mwanamume anayemtazama mkwe wake akicheza, afadhali angepita uchi sokoni. Nilikuwa nahangaikia kifaa cha kuonyesha kitu ambacho sitakiona mpaka naingia kaburini!

"Tatizo jingine," Elisha akasema. "Nikishaiweka nitaijaribuje? Mimi mwanamume."

"Utafumba macho."

"Fundi afanye kazi amefumba macho?"

"Utasikiliza sauti."

"Na sauti siyo ngoma?"

Nikaikumbatia laptop, nikarudi nayo nyumbani.

Mngedhani mikosi imeishia hapo. Thubutu! Laptop yenyewe si yangu. Yaani ni yangu, lakini iliponunuliwa mjomba Chilumba, kaka wa mama yangu, alitoa korosho zake za msimu ule. Na kwetu mjomba ndiye mwenye mtu. Baba anakuzaa tu.

Nilipompelekea habari kwamba laptop inataka kupasuliwa, alijikuna kidevu.

"Mpwa wangu," akasema, "kitu cha ukoo hakipasuliwi kimya kimya. Tuite kikao."

"Mjomba, ni droo tu ya pembeni."

"Hata kidole ni cha pembeni. Kikikatwa, ukoo unaarifiwa."

Basi kikao kikaitwa, uani kwangu, baada ya sala ya adhuhuri. Mjomba akaja na wazee wengine wa ukoo, nyuso zimekunjamana. Nikatandika majamvi. Elisha akaja na koti lake jeupe. Laptop nikaiweka katikati juu ya mkeka, na kwa sababu ya vumbi la Mtawanya, nikaifunika shuka jeupe.

Ndiyo. Nacheka mwenyewe ninavyoandika. Lakini siku ile sikuona kitu, akili yote ilikuwa kwa Rukia.

Mjomba akafungua kikao. "Fundi, tueleze. Hicho kipya kina faida gani kuliko cha zamani?"

"Kinasoma DVD," Elisha akasema.

"Na hizi CD za zamani? Kitazitupa?"

"Hapana, mzee. Kinasoma na hizo pia."

Mjomba akacheka kwa dharau. Akipandwa na hasira au akinogewa na maneno, Kimakonde kinamrudi ulimini. "Nke wa pili anayewalea watoto wa nke wa kwanza bila kununa? Huyo mimi sijamwona."

Wazee wakaguna kukubali.

"Kinakula umeme zaidi?" mzee mmoja akauliza.

"Kidogo."

"Na umeme wenyewe upo?"

Hapo hata Elisha alicheka. Siku hizi Mtwara umeme unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

"Laptop ina betri," nikadakia. "Wazee wangu, Ijumaa wanawake watamwona Bi Mwanaisha. Mke wangu atarudi. Mimi sina nyumba bila Rukia. Nalala na viatu mlangoni nikidhani atabisha hodi."

Nilisema hivyo mbele za watu, na sikuona haya. Mjomba akainama akachora chora mchanga kwa kidole.

Wakati tumeinama wote, akapita jirani yetu Saidi na baiskeli. Akaona wanaume kwenye majamvi, nyuso chini, katikati kuna kitu kimefunikwa shuka jeupe. Akashuka.

"Poleni jamani," akasema.

"Tushapoa," tukaitikia wote kwa pamoja.

Mtaniuliza kwa nini. Ninyi mkiambiwa pole huwa mnauliza ya nini? Mimi nilikuwa na shida, nikajua amezisikia. Mjomba ana mgongo unamsumbua, akajua anapewa pole ya mgongo. Elisha aliitikia kwa sababu tumeitikia.

Saidi akapanda baiskeli akaenda zake. Kikao kikaendelea kubishana kama mashine nzee inastahili kitu kipya. Mzee mmoja akasema mwembe ukizeeka haupandikizwi, unakatwa kuni. Mwingine akasema bibi yake alipong'oka meno alipewa ya bandia na akaishi kutafuna mihogo mibichi. Kufika hapo, Bi Salma wa nyumba ya pili akaingia uani na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wanawake wengine, huyu na unga wa muhogo kwenye ungo, huyu na ndoo ya maji.

"Mungu awape subira," Bi Salma akasema, akapita moja kwa moja jikoni kwangu.

Hapo ndipo nilipoamka. Nikamfuata. "Bi Salma, hapa hakuna msiba. Hakuna aliyekufa."

Akanitazama kwa huruma, machozi yakamlenga. Akawageukia wenzake. "Masikini, hajakubali bado. Mpeni maji anywe."

Wakanipa maji. Nikayanywa.

Nilipotoka nje, turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye mti, vijana wanapanga viti. Mwanamume mmoja nisiyemjua alikuwa amemweka Elisha kando. "Daktari, marehemu alikuwa anaumwa nini?"

"Taya," Elisha akasema. Wallahi nilimsikia kwa masikio yangu. "Alimeza kitu, kikakwama. Tulijaribu kukitoa."

"Lahaula! Na huyo ni wa nyumba hii hii?"

"Ndiye anayeilisha nyumba."

Yule mtu akashika kichwa, akaondoka mbio na simu sikioni.

Nikamvaa Elisha. "Wewe una wazimu?"

"Nimeulizwa kuhusu mgonjwa, nimejibu."

Nikamwendea mjomba awatangazie watu waondoke. Mjomba alikuwa na tonge la ugali mkononi, ameshachovya kwenye mchuzi wa samaki.

"Chakula cha msiba kikishaletwa hakirudishwi," akasema. "Ni mkosi. Kula, mpwa."

Mungu anisamehe, nilikula. Njaa ilikuwa inaniuma, na tangu Rukia aondoke nilikuwa naishi kwa chai.

Tulipomaliza kunawa, mjomba akajinyoosha, akatazama lile shuka jeupe kwa muda. "Nimefikiri," akasema. "Mwanamke yule niliheshimiana naye. Kama mashine itakufa baada ya hapo, ife. Ikimwonyesha mara moja tu na mwanawe akamwona, korosho zangu zimefanya kazi. Fundi, weka."

Jamani! Nilimshika mjomba miguu. Elisha akatoa bisibisi mfukoni, akaipuliza. Nikajiona kesho yake niko Mikindani kwa wakwe, nimevaa kanzu, namwambia Rukia twende nyumbani.

Elisha hajagusa hata skrubu ya kwanza, tukasikia vilio barabarani. Vilio, na katikati ya vilio, vicheko na vigelegele.

"Ntani huyo," mjomba akasema, akafumba macho.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Wamakonde na Wayao ni watani. Kwenye msiba wa mtani unakwenda kuchekesha, kuiga marehemu, kuzuia mazishi mpaka ukombolewe, na mfiwa haruhusiwi kununa. Mkwe wangu alipofariki, ndugu zangu walilizuia jeneza mlangoni mpaka wakapewa jogoo. Mdogo wake marehemu, Bi Tatu, ndiye aliyemkamata jogoo yule kwa mikono yake, na alipokuwa anamkabidhi alisema, "Kuleni. Zamu yenu inakuja."

Sasa zamu yetu ilikuwa imekuja, na aliyefika mbele ya kundi alikuwa Bi Tatu mwenyewe. Amevaa suruali ya mumewe na kofia pana ya jua, tumboni amejaza mto.

"Wamakonde!" akapiga ukelele. "Mnakufa hata taarifa hamtoi? Mzigo wetu uko wapi tuubebe?"

Wakalizingira shuka. Bi Tatu akalishika pembe moja akalivuta. Wakatazama, wakatazamana.

"Hii ndiyo maiti yenu?" Bi Tatu akauliza.

Akainama, akaipima kwa kiganja.

"Mbona nyembamba hivi? Mlikuwa hamumlishi?" Akainua kifuniko, akaona zile herufi. "Iiii! Amekufa amekenua! Na ana mkia!" Akauinua waya wa umeme juu.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata waliokuja na kuni walicheka, hata mjomba mabega yalikuwa yanatikisika. Nilicheka mwenyewe, kidogo, mpaka nilipomwona Bi Tatu ameibeba laptop na kuifunga khanga kama mtoto.

"Haizikwi mpaka mtukomboe," akasema. "Na kwa kuwa nyie wachafu, kwanza tutaiosha. Leteni maji."

Nikanyanyuka nimpokonye. Lakini nifanyeje? Bi Tatu ni mama mdogo wa mke wangu. Wenzangu anawatania, ila kwangu mimi ni mkwe. Simpi mkono, simtazami usoni, sembuse kumpokonya kitu. Nikachuchumaa mbali, macho chini.

"Mama," nikasema, "nakuomba sana. Humo ndani yumo dada yako."

Halafu uwanja mzima ukalipuka.

"Mmesikia?" Bi Tatu akapiga makofi. "Wameshindwa utani wa kawaida, sasa marehemu dada yangu kaingia ndani ya sanduku la bati! Dada, umo humo? Hodi!"

"Naapa kwa Mungu, mama. Anacheza ngoma humo."

"Dada yangu acheze! Kwa Wamakonde!"

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Ukweli wote nimeusema, hakuna hata mtu mmoja wa kuuamini. Nikamgeukia mjomba. "Mjomba, waambie!"

"Ntani hanuniwi," mjomba akasema kwa sauti ya chini. "Ukinuna umenivua nguo. Katafute jogoo umkomboe."

"Nitampata wapi sasa hivi?"

"Kamata wa jirani."

Ndoo ikaletwa, ile ile iliyokuja na akina Bi Salma. Bi Tatu akaifungua khanga, akaanza kuimba wimbo wa kuoshea, maneno ameyageuza yanasema Mmakonde hakuoga tangu azaliwe. Akaishusha laptop kuelekea maji, akaipandisha, akaishusha tena, watu wanaitikia. Nilimfikiria Rukia. Niliifikiria Ijumaa. Nikaona bora nionekane sina adabu nchi nzima.

Nikaruka. Nikaishika laptop upande wa pili.

Vicheko vikakatika. Mkwe kashikana na mkwe wake! Bi Tatu alishangaa mpaka kofia ikamdondoka. Lakini hakuachia. Akavuta, nami nikavuta. Ilikuwa inalia kwa ndani, kitu kinapinda.

"Niachie, mama!"

"Niache mimi, mwana kukosa haya!"

Na hapo hapo, kutoka njiani, nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote.

"Mume wangu! Jamani Shafii wangu! Nimechelewa!"

Nikaachia.

Bi Tatu akaanguka kinyumenyume. Laptop ikagonga ukingo wa ndoo, kra, ikazama.

Rukia aliingia uani miguu peku, khanga inaburuzika, wanawake wamemshika huku na huku. Mikindani walikuwa wamepigiwa simu kwamba Shafii wa Mtawanya amefariki, alimeza kitu kikamkwama. Aliinua uso akaniona nimesimama.

Alinitazama juu mpaka chini. Akanijia, akanipiga kifuani kwa ngumi, tena na tena.

"U mzima? Wewe u mzima?"

"Mzima, Rukia."

"Njia nzima najilaani!" akasema huku analia. "Nilikuambia usinifuate. Maneno yangu ya mwisho kwako yawe yale? Kwa ajili ya picha? Mama ameshakufa, Shafii, hafi mara mbili. Wewe ndiye niliyekuwa nimebaki naye!"

Akanikumbatia mbele ya mjomba, mbele ya wakwe, mbele ya Mtawanya yote. Nikalia. Cheka ukitaka, msomaji wa Masasi. Nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Baada ya muda akajifuta uso. Akatazama turubai, masufuria, koti jeupe la Elisha, suruali ya mama yake mdogo.

"Sasa aliyekufa ni nani?" akauliza.

Watu wote walitazama ndoo.

Elisha akatumbukiza mkono, akaitoa laptop. Maji yalitoka kila tundu. Akaiweka juu ya mkeka, hakungoja kikao wala mjomba. Akachomeka bisibisi kwenye taya la droo, akakandamiza. Droo ikapasuka. DVD ikatoka inang'aa, imeandikwa kwa mkono wa Magreth: Mama Rukia.

Rukia akaipokea, akaifuta kwa ncha ya khanga. Akasita. Akapitisha kidole juu yake, kutoka katikati hadi ukingoni.

"Ina ufa," akasema.

"Maji hayaidhuru," Elisha akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya daktari. "Ufa ndio mbaya. Draivu inaizungusha kwa kasi sana. Yenye ufa inaweza kupasuka vipande humo humo."

"Hata mara moja haitaonyesha?"

"Inaweza kuonyesha mara moja. Inaweza isifike hata mwanzo. Siwezi kukudanganya, dada yangu."

Mjomba akakohoa. Yeye alikuwa bado yumo kikaoni. "Kwa hiyo kutafuta mashine nyingine na kuiwekea hiyo draivu kuna faida, au hakuna?"

Elisha akaanza kuikausha bisibisi kwa pindo la koti lake.

Bi Tatu alikuwa bado amekaa kwenye tope, mto umetoka tumboni. "Rukia," akaita. "Ni kweli? Dada yumo humo?"

"Yumo, mama mdogo. Ile siku yangu. Alivyocheza."

"Na mimi nikamtia kwenye ndoo nikamcheka." Akajishika kichwa. "Mkwe, uliniapia. Nami nikacheka."

Akalia, na kilio hiki hakikuwa cha utani. Hata wale waliokuja naye walishindwa kumkaribia. Rukia akaenda akapiga magoti kwenye tope, akamshika, wakalia pamoja, DVD ipo katikati yao.

Kisha Bi Tatu akainuka. Akafunga khanga juu ya ile suruali. Akaumwaga unga wa muhogo uliobaki kwenye sufuria, akaubeba ule ungo mtupu wa kuchezea.

"Mimi nilikuwepo siku ile," akasema. "Nilikuwa nyuma yake. Hatua zake zote ninazo. Rukia, kaa hapa mbele yangu. Wanaume, geukeni!"

Mjomba alikuwa wa kwanza kugeuka. Tukamfuata wote, na Elisha na koti lake, tukaukabili ukuta wa jiko kama watoto waliochelewa shule. Nyuma yetu mtu akamwaga maji ya ndoo, akaigeuza, akaanza kuipiga.

Nikasikia miguu. Miguu mizito, ya taratibu, siyo ya Bi Tatu ninayemjua. Wanawake walikuwa kimya kabisa. Halafu kigelegele kimoja, halafu vingi. Katikati yake nikamsikia Rukia, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa sauti ya kucheka au ya kulia. Nilikaribia kuuma ukuta.

Ghafla ndoo ikanyamaza. Kitu kizito kikaanguka chini.

"Shafii!" Rukia akaita. "Geuka!"

Mjomba akanikamata mkono, kucha zikaniingia. "Ukigeuka, ukamwona nkwe wako kwenye ngoma, huna njomba tena."

"Shafii, nakuomba, geuka!"

Nikauchomoa mkono wangu. Nikageuka. Nilichokiona, tukutane Jumamosi ijayo.